Mshale Uliolala Chini

Baba alikuwa akianza kutapika kabla hatujafika barabara kubwa. Nalisema hili mwanzoni ili asije mtu akadhani nilihangaika na lile gari kwa ajili ya sifa. Figo zake zilikuwa zimekufa. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nilimpeleka hospitali kusafishwa damu kwa mashine, kutoka kwetu Goba hadi mjini, na gari lenyewe lilinuka petroli kuanzia kwenye viti hadi kwenye nguo zetu. Mtu mwenye afya angefungua kioo akaendelea na safari. Baba, ambaye siku hizo hata kitunguu kikikaangwa alitoka akaenda kukaa uani, hakuweza. Alisafiri na kindoo kidogo cha rangi katikati ya miguu yake, akifika hospitali yuko hoi, na wauguzi wakawa wanahangaika kumpandisha presha kabla hata mashine haijaanza.

Na mimi ni fundi magari. Hapo ndipo aibu yangu ilipo. Nina gereji ndogo palepale Goba, bati sita na uzio wa mabanzi, na mpaka leo watu wakinikuta ndani ya ovaroli huniuliza fundi yuko wapi. Wengine nawajibu kwamba ametoka, wakae wamsubiri, nami naendelea na kazi yangu hadi waone haya wenyewe. Nina hasira za karibu, najijua. Lakini gari la mteja halijawahi kunishinda kwa muda mrefu, na la baba yangu lilinishinda wiki tano.

Ufundi huu alinipa yeye. Alikuja Dar kutoka Kusini akiwa kijana, akafungua gereji Temeke enzi ambazo karibu kila gari lilikuwa la kabureta, na mimi nilipofeli kidato cha nne hakunipeleka cherehani kama shangazi zangu walivyotaka. Alinipa ovaroli iliyonizidi mikono na miguu, akanikabidhi karai la mafuta ya taa nioshe vyuma. Wenzake walimcheka kwamba amemleta binti kuja kuchafua kucha. Baada ya miaka mitatu walikuwa wakiniazima kwake, nikawafungie vitu ambavyo mikono yao minene haikupenya.

Gereji ya Baba ilikuwa na sheria nyingi, na moja ilikuwa kubwa kuliko zote: kazi aliyoifunga mkubwa wako, huifungui. Mteja akirudi analalamika, unamfuata aliyeitengeneza, unamwambia njoo uangalie kazi yako. Hata kama ni nati moja imelegea na spana unayo mkononi, huigusi. Kuna fundi aliwahi kuifungua kazi ya Baba wakati Baba yuko msikitini, akairekebisha, na kwa kweli aliirekebisha vizuri. Baba aliporudi hakugomba. Alizikusanya spana za yule bwana, akazifuta moja moja kwa kitambaa, akazifunga na kumkabidhi aende zake. Mimi nilikuwepo, nikaona, na nadhani siku ile kitu kiliniingia ambacho hakikutoka tena.

Sasa gari. Lilikuwa gari dogo la zamani, la injeksheni, ambalo petroli yake hupimwa na kompyuta, alilonunua Baba alipofunga gereji na kuhamia kwangu. Muda mfupi kabla ya ugonjwa kujulikana, msimu wa joto, tukiwa tunapanda mlima kurudi nyumbani, mpira wa juu wa rejeta ulipasuka na maji yote yakaishia barabarani. Tulilivuta hadi gereji kwangu. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba, ila tulidhani ni uzee na kusimama sana. Alinizuia nisiguse, akasema gari lake atalitengeneza mwenyewe, akaketi kwenye kigoda mbele ya boneti na kunituma nikanunue mpira mwingine dukani.

Niliporudi nilimkuta amefungua na pale mpira unapojishika kwenye injini, na sasa anakaza bolti ya mwisho. Mpira akauvalisha mwenyewe, akajaza maji, akawasha. Halafu akajifuta mikono na kuniambia, "Imekwisha hiyo. Hapo usipafungue tena."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho. Wiki chache baadaye alianguka bafuni, akapimwa, na hakushika spana tena.

Ndani ya pale alipokuwa akifunga huwa kuna kidude kinaitwa themostati, kifuniko kidogo chenye springi. Injini ikiwa ya baridi kinaziba maji yasiende kwenye rejeta, ikipata joto kinafunguka. Baba na mafundi wote wa rika lake walikitoa. Gari lolote lililoletwa Temeke kwa kuchemka, kitu cha kwanza kilikuwa kukitoa kile kidude na kukitupa kwenye pipa la vyuma chakavu. Alikuwa akisema ni cha nchi za theluji, hapa Dar nani anataka injini ipate joto. Mshale wa joto kwenye dashibodi ukilala chini kabisa, mteja aliondoka anatabasamu na Baba naye alijiona amefanya kazi. Kwa magari ya kabureta hapakuwa na madhara ya kuonekana haraka, na yeye alikuwa amezeeka na magari hayo. Hakuwa mjinga, naomba hilo lieleweke.

Harufu haikuanza kwa kishindo. Kwanza gari likawa linakula mafuta kupita kawaida. Halafu sailensa ikaanza kutoa moshi mweusi asubuhi, ukuta wa uani ukapata doa la masizi. Tulipoanza safari za hospitali lilikuwa tayari linanuka, na kila wiki likanuka zaidi.

Nilianza na plagi, kama kila mtu anavyoanza. Zilikuwa nyeusi tii, masizi makavu yanayoacha alama kidoleni, maana yake injini inapewa petroli nyingi kuliko inavyoweza kuunguza. Nikaweka mpya, na siku kumi baadaye zikawa nyeusi vilevile. Nikabadilisha chujio la hewa. Nikaazima mashine ya kupimia kwa fundi mwenzangu wa Wazo, ikaniambia mafuta ni mengi, jambo ambalo pua yangu ilikuwa imeshaniambia bure. Nikabadilisha sensa iliyoko kwenye sailensa, ile inayopima moshi. Nikatoa nozeli zote nne, nikaziosha, nikazijaribu, zinapuliza petroli vizuri na hazidondoshi. Nikakagua mpira wa hewa wa kidhibiti presha ya mafuta, usije ukawa unavujiwa petroli ndani, hauna. Kila nilipomaliza kitu nilikuwa naliwasha gari, nasimama nyuma yake navuta pumzi, kisha nalitukana kana kwamba lina masikio.

Baba alikuwa akiniangalia kutoka kwenye kiti chake barazani. Mara moja moja aliuliza nimefika wapi, nikamweleza. Alitikisa kichwa taratibu na kusema niangalie plagi.

Wiki ya tatu niliitoa sensa inayopima joto la maji ya injini. Hiyo ndiyo inayoiambia kompyuta ya gari kama injini ni ya baridi au ina joto, na kompyuta ikisikia ni ya baridi inaongeza petroli. Niliipeleka jikoni, nikaitumbukiza kwenye sufuria ya maji, nikawasha jiko huku nimeunganisha mita. Kadiri maji yalivyopata joto, namba ziliteremka sawasawa na inavyotakiwa. Sensa ilikuwa nzima. Haikuwa inaidanganya kompyuta. Ilikuwa inasema kweli kwamba injini ni ya baridi, na kompyuta ya watu ilikuwa inaongeza mafuta kwa nia njema, kama mwenyeji anayemjazia mgeni sahani akidhani hajala.

Fundi yeyote mwenye akili zake, akifika hapo, anajua kinachofuata. Anauliza kwa nini injini ni ya baridi huku nje jua linawaka hivi. Anaangalia dashibodi, anauona mshale umelala chini, anachukua spana namba kumi na mbili na kwenda kufungua bolti mbili za themostati. Nilisimama pale jikoni na ile sensa mkononi, maji yanachemka, na nilijua. Siwezi kusema sikujua. Nikazima jiko, nikairudisha sensa mahali pake, na kesho yake nikaenda kutafuta tatizo sehemu nyingine kabisa.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Kumwomba ruhusa nisingeweza, kwa sababu kuomba kufungua ni kumwambia kazi yako ya mwisho duniani ndiyo inayokutapisha. Kufungua kwa siri nisingeweza pia, kwa sababu ya zile spana zilizofutwa moja moja kwa kitambaa. Basi nikabaki nahangaika na vitu vizima. Nilikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye wateja na gereji yake, namwogopa mzee asiyeweza kuinua kikombe cha chai kwa mkono mmoja.

Nilimwomba tukodi gari. Alinitazama kama nimemtukana.

"Mie nimetengeneza magari ya watu umri wangu wote," alisema. "Leo nikapande gari ya kukodi kwenda hospitali, na yangu ipo uani?"

Jumatano ya wiki ya tano akaniambia leo apumzike, kichefuchefu kimemzidi, ataenda Ijumaa. Nilimbembeleza, nikakasirika, nikambembeleza tena. Ijumaa akakaa kitandani akakitazama kile kindoo, akasema hapana, mama, leo pia sitaki. Alikuwa akiniita mama tangu nikiwa mdogo, na akiniita hivyo huwa siwezi kubishana naye. Jumapili alfajiri hakuweza kulala chali. Maji yalikuwa yamemjaa kifuani, anavuta pumzi kwa mabega. Jirani yetu alituchukua kwa gari lake, na Baba safari hiyo hakuuliza ni gari la nani.

Wakamlaza siku tisa. Muuguzi aliniuliza kwa nini alikosa mara mbili mfululizo, nikasema alikuwa anajisikia vibaya. Sikusema kwamba gari lilikuwa linanuka, na kwamba mimi ni fundi.

Jumanne asubuhi, yeye akiwa wodini, niliegesha gari chini ya bati zangu, nikasubiri lipoe, nikafungua zile bolti mbili. Ndani palikuwa patupu. Kilichoniumiza hakikuwa utupu, huo niliutegemea. Ilikuwa ni silikoni ya kuzuia kuvuja aliyoipaka kuzunguka mdomo wa kile chuma. Mstari mmoja mwembamba, umenyooka, haukuzidi wala kupungua popote, umepakwa na mtu ambaye miguu yake ilikuwa imevimba hadi viatu haviingii. Niliukwangua kwa wembe huku nalia. Nilihisi namfuta yeye.

Nilinunua themostati mpya, nikaijaribu kwenye sufuria kama alivyonifundisha kujaribu kila kitu kabla ya kukifunga, nikaiweka. Hata asubuhi yenyewe haikwisha. Halafu nikaliendesha gari kuelekea Bunju, na nilipopita Wazo mshale ulikuwa umeshaanza kupanda. Ukafika katikati, ukatulia pale. Injini ikalainika. Niliegesha pembeni ya barabara, karibu na miti iliyoota vumbi la saruji, nikaenda nyuma ya sailensa na kuvuta pumzi. Hapakuwa na petroli. Nilikaa chini palepale, watu wakipita wananishangaa, nina hasira na gari, na Baba, na zaidi na mimi mwenyewe. Wiki tano kwa kazi ya asubuhi moja.

Siku ya kumrudisha nyumbani alipanda, akakaa, akakiweka kindoo chake katikati ya miguu. Tulipofika karibu na nyumbani kindoo kilikuwa bado kikavu. Aliniuliza nimefanya nini. Nikamwambia plagi, nimepata plagi za maana.

"Ahaa," alisema, akageuka kutazama dirishani.

Baada ya hapo hakukosa hata siku moja. Kama miezi miwili tulikwenda na kurudi, na safari zile zikawa ndiyo maongezi yetu. Alinisimulia Temeke ya zamani, mteja aliyeleta gari na kuku wameatamia kwenye kiti cha nyuma, na jinsi mama yangu, Mungu amrehemu, alivyokuwa akimkagua kucha kabla ya kumruhusu kula. Nilicheka hadi nikakosa kona. Lakini moyo wake ulikuwa umechoka tangu ile siku ya maji kifuani, na madaktari hawakutuficha. Kila wiki alikuwa mwepesi zaidi nilipomsaidia kupanda.

Ijumaa ya mwisho, ambayo hatukujua kama ni ya mwisho, tulikuwa tumekwama kwenye foleni ya asubuhi. Baba akanyoosha kidole kuelekea dashibodi.

"Huo mshale siku hizi unapanda," alisema.

Nikasema ndiyo, unapanda.

"Ulifungua."

Nikamwambia, "Nilifungua, Baba. Nisamehe."

Magari ya mbele yakasogea, nikasogea. Alikuwa anautazama ule mshale, hanitazami mimi.

"Ulifunga vizuri," alisema. "Hapavuji."

Katika maisha yangu yote ya ufundi sijawahi kupewa sifa kubwa kuliko hiyo. Akaendelea kwa sauti yake ya chini, akipumzika kila baada ya maneno machache. Alisema yeye alijua siku nyingi, karibu tangu harufu ilipoanza. Mafundi vijana wa kule Temeke walikuwa wakimwambia kwamba hizi gari za kompyuta hazitaki kutolewa kile kidude, naye aliwaona wanajitia ujuaji. Lakini aliponiona natoa ile sensa na kuipeleka jikoni, alijua nimeshafika.

"Nikasema leo atafungua," alisema. "Nikakaa pale barazani nasubiri. Mbona hukufungua?"

"Ulisema nisipafungue."

Alifumba macho. Nilidhani amelala. Tulikuwa tumeshapita foleni alipoongea tena.

"Ni mie niliyesema usifungue. Basi ni mie niliyetakiwa kusema fungua. Mdomo ukawa mzito, mama." Halafu, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo la nyumbani, akaongeza, "Kile kidude cha mwanzo sikukitupa. Kimo kwenye boksi langu, kwenye kopo la misumari."

Nilimfikisha, wakamuunganisha kwenye mashine, nikakaa nje kwenye benchi kama siku zote. Alifariki usiku wa kuamkia Jumatatu, nyumbani, kwenye kitanda chake. Niliwahi kumuuliza daktari kama zile siku mbili alizokosa ndizo zilizommaliza. Ni mtu mwema, akanijibu kwamba moyo wa mzee ulikuwa na mambo mengi. Hakusema ndiyo wala hapana, nami sikumuuliza tena.

Dua ya arobaini ilipokwisha, shangazi zangu wakiwa bado wapo wanaosha masufuria, nililivuta boksi la Baba kutoka chini ya kitanda. Nilikuwa najiambia kwamba huenda kile kidude kilikuwa kibovu. Kama kilikuwa kibovu, basi alikitoa kwa haki, na hata angesema, na hata ningefungua mapema, kingekuwa hakina msaada. Nilikitafuta kwenye kopo la misumari, nikakipata kimefungwa kwenye kitambaa, kimefutwa, hakina hata kutu.

Nikaomba sufuria moja. Shangazi mkubwa akaniuliza napika nini saa hizo, nikamwambia nachemsha chuma cha Baba, akaniachia jiko. Nilikifunga kwenye uzi, nikakining'iniza ndani ya maji, nikasubiri. Maji yalipokaribia kuchemka kikaanza kufunguka, polepole, hadi mwisho. Nikakitoa, kikapoa, kikafunga. Nikakirudisha, kikafunguka tena.

Kilikuwa kizima. Jumatano ile na Ijumaa ile, Baba akiwa amekaa kitandani anakitazama kindoo, kile kidude kilikuwa chini ya kitanda hichohicho, na gari liko uani.